Vitasa, hendeli na makabati ya kale Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikinunua, nikiokota na mara nyingine nikiomba bure vitasa na makabati ambayo Nairobi imeyachoka. Maswali haya huniandama kila wiki kwa simu na kwa ujumbe. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa mstari mmoja, kadiri nilivyoona swali linastahili.

Unakusanya nini hasa?

Vifaa vya milango: vitasa, hendeli, bawaba, makomeo, sahani za tundu la ufunguo, hata namba za milango. Pamoja navyo, samani za kuhifadhia vitu: makabati, almari, meza zenye saraka, rafu za ukutani. Nashika zaidi vya kati ya 1945 na 1970. Huo ni mpaka wangu tu. Baada ya hapo mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na hendeli za zinki zilizopakwa kromu zinakuwa nyingi, na hamu yangu inapungua.

Kuna wanaoshangaa kuona nimetia vitasa na makabati kapu moja. Fungua kabati lolote la enzi hiyo: lina bawaba, lina kitasa, lina kishikio, lina komeo dogo ndani ya mlango wa kushoto. Seremala aliyelitengeneza alinunua vifaa vyake duka lile lile alilonunulia mjenzi wa nyumba.

Si vitu hivi ni vya Ulaya? Nairobi inaingiaje?

Vingi vilikuja kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa reli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji huu ulijengwa mbio mbio. Mpango mkuu wa mji ulitolewa 1948, hadhi ya jiji ikaja 1950, na kabla uhuru haujafika 1963 zilikuwa zimeinuka ofisi, shule, hospitali na nyumba ambazo nyingi bado tunazitumia. Amyas Connell, msanifu mzaliwa wa New Zealand, alichora majengo ya Bunge na Hospitali ya Aga Khan pale Parklands katika miaka hiyo. Kila mlango ulitaka kitasa, na vingi vilitoka Willenhall, mji wa Uingereza ulioishi kwa kutengeneza vitasa. Vya Union vilivyotengenezwa na Josiah Parkes & Sons wa Willenhall ndivyo ninavyokutana navyo kuliko vingine vyote.

Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi ya ngozi, na milango bado inatoa ushahidi. Katika nyumba za zamani za Kileleshwa na Kilimani, walikoishi Wazungu, nimetoa hendeli za shaba na vitasa vya kuzama ndani ya mbao. Parklands na Ngara, walikoishi Wahindi, nimekuta shaba pia, lakini pamoja na makomeo marefu ya juu na chini, kazi ya fundi aliyejua wezi. Eastlands, walikoishi Waafrika, nilichokiona zaidi ni kitasa cha chuma cha kubandikwa juu ya mbao na pete ya kufuli. Watu hunitaka nipige picha shaba peke yake kwa sababu inang'aa. Mimi komeo langu la Kaloleni, mtaa wa Eastlands, lililolika upande mmoja kwa kusukumwa na vidole miaka na miaka, nimeliweka rafu ya juu kabisa.

Unavipata wapi?

Chanzo kikubwa ni mabomoko. Kilimani, Kileleshwa na Lavington, bangalo moja katika nusu ekari linaangushwa ili mahali pake pawe na ghorofa kumi na kuendelea. Ukiona uzio wa mabati umezungushwa na bango la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi limesimikwa, hesabu siku, usihesabu wiki. Vifaa vya mlango hutoka mwanzo kabisa, pamoja na masinki na nyaya.

Fika asubuhi kabla kazi haijaanza na umtafute nyapara. Usianze na vijana wenye nyundo, maana watakuuzia kitu ambacho si chao, kisha utaitwa mwizi pamoja nao. Salamu kwanza, bei baadaye: "Habari ya kazi, mzee? Hii milango inaenda wapi?" Mara nyingi jibu ni kwamba milango na madirisha yamekwisha kununuliwa kwa jumla na mtu wa vitu vya mabomoko. Usikasirike. Omba namba yake. Huyo ndiye rafiki utakayemhitaji kwa miaka kumi ijayo, kwa kuwa yeye anataka mbao na vioo, na kitasa kikuukuu kwake ni usumbufu tu anapopiga randa.

Hapa niwape kosa langu ili msilirudie. Katika nyumba moja Parklands niliruhusiwa kutoa vifaa vya milango sita. Nilitoa hendeli, sahani, vitasa vyenyewe, nikafunga kila seti kwenye gazeti lake na kuandika chumba ilikotoka. Nikarudi nyumbani nikijiona bingwa. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba kila kitasa kina nusu yake nyingine kwenye fremu: lile bamba linalopokea ulimi. Asubuhi nilirudi nikiwa na bisibisi mkononi. Fremu zilikuwa zimepasuliwa kuni, na mabamba yamekwisha kuondoka na mkokoteni wa skrapu. Nilikimbia yadi tatu nikapata matano. La sita nitalitaja tena mwishoni.

Mbali na mabomoko, Gikomba ina maseremala wanaopokea makabati ya zamani na kuyavunja wapate mbao. Kwenye mafundi wa Ngong Road usitazame sofa mpya zilizo mbele, uliza kilichoko nyuma ya kibanda, kwa sababu mteja akinunua kabati jipya mara nyingine huwaachia la zamani. Matangazo ya minada magazetini yasome hadi mwisho: shule, kampuni na ofisi za umma huuza samani zilizochakaa kwa mafungu, na ndani ya fungu la "viti na meza mbalimbali" nimewahi kukuta kabati la faili la chuma lenye saraka nne ambalo bado linateleza kama jana. Halafu kuna wazee wanaohamia kwa watoto wao. Hao hawatangazi. Husikika kanisani, msikitini, hekaluni, au kwa mlinzi wa jirani.

Kununua kwa watu wa skrapu ni halali?

Ni halali ukinunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Sheria ya Vyuma Chakavu ni ya 2015, na inamtaka muuzaji awe na leseni na aweke kumbukumbu za alikopata mzigo. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya skrapu kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na tangu hapo wenye yadi wa maana ni waangalifu zaidi. Lipa kwa M-Pesa badala ya taslimu, ujumbe wa malipo unakuwa risiti yako. Kitu chenye alama ya kampuni ya umeme, simu au reli usikiguse mpaka uone karatasi ya mnada.

Milango yenyewe ina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inahesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Kwa hiyo yule dalali anayekuletea "mlango wa Lamu, wa babu yangu" nyuma ya pikapu, mwambie apitie kwanza Makumbusho ya Taifa. Hendeli ya 1955 haihusiki na sheria hiyo.

Nitajuaje kama ni shaba kweli?

Sumaku. Ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa. Isiponasa bado hujashinda, kwa sababu zinki na alumini nazo hazinaswi. Geuza hendeli, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana kwa ncha ya kisu: shaba itabaki ya manjano chini ya mkwaruzo, zinki itaonyesha kijivu. Uzito pia husema, maana shaba huelemea kiganja. Sehemu zilizolika kwa kushikwa ndizo zisizodanganya hata kidogo: kilichopakwa huchubuka kikaonyesha rangi nyingine pale kidole gumba kinapokaa.

Vishikio vyeusi au vya kahawia iliyokolea huenda ni vya Bakelite, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland 1907. Kisugue kwa kidole gumba hadi kipate joto, kisha unuse. Harufu kali kama ya dawa ya hospitali ni dalili nzuri.

Na umri wake?

Hakuna kipimo kimoja, unakusanya vidokezo mpaka vikubaliane.

Anza na skrubu. Za zamani ni za shaba au chuma zenye mfereo mmoja kichwani. Zile za nyota, zenye mfereo wa msalaba, zilisajiliwa na Henry Phillips Marekani miaka ya 1930, zikachukua muda kuenea kwenye kazi za Kiingereza zilizotufikia. Skrubu ya nyota kwenye kitasa cha 1950 kwa kawaida ina maana kwamba fundi alishapita hapo kabla yako. Pima pia: kitasa kilichopimwa kwa inchi hutoa namba za ajabu ukitumia milimita.

Kwenye samani, vuta saraka uitoe nje kabisa na uigeuze. Pembe zilizofumana kwa meno yenye umbo la mkia wa njiwa zinaonyesha kazi ya subira, na meno yasiyolingana upana yanaonyesha mkono wa mtu badala ya mashine. Tafuta mihuri. PWD ni Idara ya Ujenzi wa Umma ya serikali ya kikoloni. EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa 1948 na kugawanywa 1969, kwa hiyo muhuri huo peke yake unakupa miaka ishirini na moja ya kukisia.

Kidokezo ninachokipenda kuliko vyote huwa kimeanguka nyuma ya saraka ya chini. Nimekuta vibanio vya nywele, stempu, risiti ya duka la vitambaa na senti zenye tundu katikati. Senti hizo zenye tundu ni za Afrika Mashariki, kabla ya sarafu za Kenya zilizoanza kutolewa 1966, ambazo hazina tundu. Mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliniambia seremala aliyekuwa jirani yao alikuwa akiziweka chini ya skrubu ziwe washa, yaani kisahani cha kukalia kichwa cha skrubu. Wiki mbili baadaye nikaikuta moja, imekaa chini ya skrubu ya bawaba, imebanwa sawasawa.

Kitasa ni kizuri lakini ufunguo umepotea. Nikivunje?

Usithubutu. Kitasa cha kuzama cha enzi ile ni mashine rahisi. Ndani kuna vipande vyembamba vya shaba vilivyopangwa kama karata, mafundi huviita liva. Ufunguo sahihi unainua kila liva hadi kimo chake hasa, hapo ndipo kipini cha ulimi kinapopata njia ya kupita. Cha chumba cha kulala kina liva mbili au tatu, cha mlango wa nje mara nyingi tano.

Kwa kuwa kila kitu kiko wazi ukifungua kasha, fundi wa funguo anayejua kazi yake anaweza kuzisoma liva na kuchonga ufunguo bila kuuona wa zamani. Mpelekee kitasa kizima ambacho hujakifungua. Ukikifungua mwenyewe mezani, springi ndogo zitaruka, na utapiga magoti sakafuni jioni nzima. Nasema kwa uzoefu. Tazama kwanza ukingo wa mbele, pale ulimi unapotokea: mara nyingine namba ya ufunguo imegongwa hapo, na kama una mkebe wa funguo za zamani, huenda namba hiyo hiyo iko kwenye mmojawapo. Mimi hununua funguo zisizo na kitasa kila nikizikuta, na mke wangu aliacha zamani kuniuliza sababu.

Vitasa vya silinda vyenye ufunguo bapa ni jamii nyingine. Linus Yale wa Marekani ndiye aliyeuleta mtindo huo wa vijipini na ufunguo mdogo bapa katika miaka ya 1860. Silinda hubadilishwa kwa urahisi, kwa hiyo ufunguo uliopotea si msiba.

Kitasa kikiwa kigumu, usikimiminie mafuta ya gari. Vumbi la Nairobi likikutana na mafuta mazito linakuwa udongo. Kwangua risasi ya penseli, pulizia unga wake ndani, zungusha ufunguo mara kumi.

Vitaingia kwenye mlango wa nyumba mpya?

Mara nyingi ndiyo, ukipima kabla ya kutoboa. Chuma cha pembe nne kinachopita katikati na kuunganisha hendeli mbili kwa vifaa vya Kiingereza kina unene wa karibu milimita 8. Pima umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo: 44 au 57 ndizo namba utakazokutana nazo zaidi. Pima pia kutoka katikati ya hendeli hadi katikati ya tundu la ufunguo, ambako 57 ni ya kawaida. Sahani ndefu ya shaba yenye matundu mawili haisamehi hata milimita tatu.

Vya Kimarekani ni shida nyingine. Mtindo wa kitasa cha mviringo aliouanzisha Walter Schlage kule San Francisco unataka tundu kubwa la milimita 54 katikati ya mlango. Ukishalitoboa, huwezi tena kurudi kwenye kitasa cha Kiingereza bila kubadili ubao wote. Ukipewa zawadi ya seti ya Schlage yenye sahani za umbo la nyota za miaka ya 1950, iweke ukutani uitazame.

Milango mingi ya ghorofa za leo ni mitupu ndani, na hendeli nzito ya shaba italegea humo baada ya miezi michache. Afadhali ununue na mlango wake wa mvule.

Bawaba je?

Zichukue zote, za mlango mmoja zikae pamoja, maana zimelika kwa namna moja. Bawaba ya shaba yenye pini iliyolegea haitengenezeki kwa bei ya maana.

Nisafisheje bila kuharibu?

Swali la kwanza ni kama usafishe. Rangi ya kahawia iliyokaa juu ya shaba kwa miaka sitini haikuumizi. Mimi husafisha pale panaposhikwa na kuacha mabonde yabaki meusi. Wapo wanaopenda kila kitu king'ae kama trompeti ya bendi, na hao Brasso iko madukani. Pwani bibi zetu walitumia ukwaju au ndimu, ukapaka, ukasubiri kidogo, ukaosha na kukausha haraka. Bado inafanya kazi. Usiiache usiku kucha, asidi itaanza kula shaba na kuiachia wekundu.

Tatizo la kweli ni rangi ya mafuta. Wenye nyumba wa Nairobi hupaka mlango na hendeli yake kwa mkupuo mmoja, na nimehesabu hadi matabaka saba. Chemsha maji, weka magadi vijiko vichache, zamisha vifaa kwa saa moja au mbili kwenye moto mdogo, kisha rangi itamenyeka kama ganda la kiazi. Tumia debe la chuma. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi ya moto huila alumini mpaka maji yawe meusi. Kwa sababu hiyo hiyo usitie humo hendeli za alumini, wala Bakelite, wala kitu chochote kilichopakwa. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu, fanyia nje, na watoto wawe mbali.

Kabati langu ni la mbao gani?

Hapa ndipo watu hubishana hadi chai inapoa. Zilizotengenezwa hapa kwetu zina mbao ambazo leo huzipati kirahisi. Mvule una rangi ya asali iliyokolea inayozidi kuwa kahawia, na ndani yake huwa na vijiwe vigumu vinavyotafuna meno ya msumeno. Muulize seremala yeyote, atakuonyesha msumeno. Mwerezi wetu wa mlimani unaujua kwa pua: fungua mlango wa almari, harufu ya penseli iliyochongwa inakupokea. Meru oak si mwaloni hata kidogo licha ya jina, ni mti wa jamii ya mfudu unaoota Mlima Kenya, wenye rangi ya kijivu na kahawia na mawimbi mazuri. Podo, mwepesi na wa njano iliyopauka, mara nyingi yuko ndani, kwenye migongo na vitako vya saraka.

Kafuri huwakanganya wengi. Makasha ya kafuri ya Kichina yaliyopitia Zanzibar na Mombasa ni mti tofauti na ule tunaouita kafuri au muthaiti kutoka Aberdare na Mlima Kenya. Wa Kichina una harufu kali inayofukuza nondo, wetu harufu yake ni ya upole na hutoweka mapema. Muuzaji atakuambia ni kitu kimoja.

Ukileta kabati kutoka Mombasa, lipe muda. Hewa ya Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, ni kavu, na mbao zilizozoea unyevu zitasinyaa. Usiliweke dirishani panapopiga jua, na usikaze skrubu wala kujaza nyufa kabla haijapita miezi mitatu. Nyufa nyingine zitajifunga zenyewe msimu wa mvua.

Nimeambiwa langu ni la Denmark. Nitahakikishaje?

Tazama mgongoni, chini ya saraka, na ndani ya mlango: mhuri, karatasi iliyobandikwa, chapa ya moto. Mgongo uliofanywa vizuri, kana kwamba kabati lilikusudiwa kusimama katikati ya chumba, ni dalili njema. Za Kiingereza ni nyingi zaidi hapa. G Plan, ya kampuni ya E. Gomme kule High Wycombe, ilianza miaka ya 1950 na huwa na chapa yake ndani ya saraka.

Sasa nitoe maoni ambayo yamenigharimu marafiki wawili. Kabati nyingi za "Denmark" zinazouzwa Nairobi zilitengenezwa Nairobi, na mafundi waliotazama picha za katalogi na kutumia mbao walizokuwa nazo. Fundi alinakili miguu iliyochongoka na vishikio vilivyochimbwa ndani ya mbao, lakini pale Mdenmaki alipotumia vinia (utando mwembamba wa mbao) ya msaji yeye alitumia mvule mzima, kwa kuwa vinia ndiyo iliyokuwa adimu. Kabati hizo ni nzito, wabebaji wa mkokoteni watakuongezea bei, na nyingi zitaishi kuliko zile zilizoigwa. Mimi nazinunua kwa jina lao la kweli na sioni sababu ya kuzipachika uraia wa kigeni.

Rafu za ukutani, zile za ngazi na vibao?

Ni adimu, na zikipatikana huwa zimepungukiwa kitu. Majina ya kuyajua ni String ya Nisse Strinning wa Uswidi, ya 1949, yenye ngazi za waya, Royal System ya Poul Cadovius wa Denmark, ya 1948, na mfumo wa 606 wa Dieter Rams, wa 1960, ambao bado unatengenezwa, hivyo vipuri vipo. Kabla ya kununua hesabu mabano. Kibao seremala atakutengenezea kwa siku moja, bano la kweli utalitafuta miaka. Kuta za mawe ya kuchongwa za nyumba zetu za zamani hushika skrubu vizuri, ila toboa kwenye jiwe, usitoboe kwenye saruji ya kiungo.

Kuna vumbi jepesi kama unga chini ya kabati. Ni nini?

Ni wadudu wa mbao, wako hai. Litoe nje leo, mbali na mengine. Tundu zenye kingo nyeusi bila unga ni za zamani na si za kuhofia. Zenye unga mweupe zinataka dawa ya mbao, ipigwe kwa sindano tundu kwa tundu, halafu kabati lifunikwe nailoni wiki mbili. Mchwa ni jambo jingine: huyo anatoka ardhini, tibu nyumba kwanza.

Saraka inakwama.

Sugua mshumaa kwenye njia zake. Usipige randa wakati wa mvua, Januari utajuta.

Jua kali wanaweza kunitengenezea hendeli inayokosekana?

Wanaweza, na vizuri. Kariobangi na Kamukunji kuna mafundi wanaoyeyusha na kumimina kwenye mchanga. Jambo moja tu: ukitumia hendeli ya asili kuwa kielelezo, nakala itatoka ndogo, kwa sababu shaba husinyaa ikipoa, kama milimita moja na nusu kwa kila sentimita 10. Kwa kishikio haionekani. Kwa sahani yenye matundu mawili ya skrubu, mashimo hayatakutana. Mwambie fundi asitoboe, utatoboa mwenyewe nyumbani. Na nyuma ya nakala, gonga mwaka, ili mjukuu wako asije akauziwa uongo.

Bei?

Sakafu ya bei ni kilo. Mwenye yadi anajua shaba inanunuliwa kwa kiasi gani siku hiyo, na hatakuuzia chini ya hapo hata mkiwa mnasali pamoja. Juu ya kilo unalipia ukamilifu: seti yenye kitasa, hendeli mbili, sahani mbili, skrubu, ufunguo na bamba la fremu ina thamani kuliko jumla ya vipande vyake. Usionyeshe furaha. Ukishasema "hii nimeitafuta miaka mitatu", umeshapandisha bei mara tatu.

Nauliziwa sana kama hendeli ya Arne Jacobsen, ile aliyoibuni kwa ajili ya hoteli ya SAS Royal mjini Copenhagen iliyofunguliwa 1960, inapatikana hapa. Sijawahi kuikuta Nairobi, na nilizoonyeshwa zilikuwa mpya kabisa.

Kuna kitu unachokitafuta wewe mwenyewe?

Ndiyo, lile bamba la sita. Ni la shaba, urefu wake inchi tatu na robo, pembe zake za mviringo, mashimo mawili ya skrubu, na mdomo wake wa kupokea ulimi umepindwa kuelekea kushoto. Liliondoka Parklands kwa mkokoteni pamoja na vyuma vingine, na mlango wake wa mvule umesimama ukumbini kwangu hadi leo, umefungwa kwa kipande cha kamba ya katani. Kama umelikuta yadi fulani, au lipo nyumbani kwako limetumika kuzibia tundu, hata likiwa limepinda, nitalichukua.